Je, wajua kwa nini anayekimbia juu ya magogo yanayoelea hukawia kuanguka kuliko anayesimama?

Katika mji wa Hayward, jimbo la Wisconsin nchini Marekani, hufanyika mashindano ya dunia ya wakata miti, yaliyoanzishwa na Tony Wise mwaka 1960. Mojawapo ya michezo yake ni mbio juu ya magogo: magogo hufungwa ncha kwa ncha yakawa mnyororo unaoelea kati ya magati mawili, na mkimbiaji huvuka hadi upande wa pili kisha akarudi alikotoka, huku mpinzani wake akikimbia juu ya mnyororo wa jirani. Mchezo huu ni mabaki ya kazi. Enzi ambazo miti iliteremshwa mtoni hadi kwenye viwanda vya mbao, wafanyakazi walitembea juu ya magogo wakiwa na buti zenye misumari kwenye soli ili kuyanasua yaliyokwama, na minyororo ya namna hiyo ndiyo iliyokuwa uzio wa kuyazuia yasitawanyike.

Mwandishi wa makala haya aliamini kwa muda mrefu kwamba siri ya mchezo ni wepesi, yaani kwamba anayekimbia hulilemea gogo kidogo, likakosa nafasi ya kuzama. Dhana hiyo ina makosa mawili. Kwanza, kuzama si tatizo. Gogo lenye urefu wa mita 4 na kipenyo cha sentimita 30 lina ujazo wa lita 283 hivi. Likiwa la mti mwepesi wenye nusu ya uzito wa maji, litaelea nusu yake ikiwa nje, na litambeba mtu wa kilo 70 aliyesimama katikati bila kuzama lote. Pili, anayekimbia hawi mwepesi hata kidogo. Kwa kuwa katika mbio kuna nukta ambazo miguu yote miwili iko hewani, mguu unapotua hulazimika kufidia, na hukandamiza kwa nguvu inayozidi uzito wa mwili, mara nyingi zaidi ya maradufu. Kwa maneno mengine, mkimbiaji hulitesa gogo kuliko msimamaji.

Adui halisi ni kubingirika. Laza chupa tupu ya soda kwenye beseni la maji na uiguse ubavuni: itazunguka bila ubishi wowote, kwa sababu umbo lililo majini ni lilelile hata ukiigeuza vipi, kwa hiyo maji hayana sababu ya kuirudisha ilipokuwa. Ngalawa nyembamba ingesumbua vivyo hivyo kama isingewekewa mirengu ubavuni. Gogo halina mirengu, na mguu ukitua pembeni kidogo tu ya mstari wa kati, huanza kuzunguka.

Neno muhimu hapo ni “huanza”. Embe linapochomoka tawini halifiki chini papo hapo; mwanzoni hushuka polepole, kisha kasi huongezeka, na likipewa muda maradufu hushuka umbali mara nne. Gogo nalo ni hivyo. Nguvu ikiongezwa maradufu, mzunguko huongezeka maradufu tu, lakini muda ukipunguzwa hadi nusu, mzunguko hupungua hadi robo. Mkimbiaji hupoteza kwenye nguvu, lakini hufaidi zaidi kwenye muda. Kwa gogo letu la mfano, mguu ukitua sentimita 2 pembeni kwa nguvu ya maradufu ya uzito wa mwili na kudumu sekunde 0.2, gogo huzunguka nyuzi 20 hivi. Anayesimama palepale sekunde nzima hulizungusha zaidi ya nusu duara, ingawa bila shaka atakuwa majini kabla ya hapo. Hesabu hii ni ya karatasini: imepuuza ukinzani wa maji na mvuto wa minyororo, na imechukulia kwamba mguu hautelezi.

Imepuuza pia jambo moja linaloufanya mchezo uwe na ukatili wa aina yake. Gogo likishaachwa halitulii mara moja, kwa sababu maji yaleyale yasiyolirudisha mahali pake pia hulisimamisha polepole mno. Mkimbiaji anapogeuka kwenye gati la pili, humkuta njiani kila gogo alilolisukuma mwenyewe, likiwa bado linazunguka.