Kidonge cha asubuhi nacho ni ibada

Mama mmoja, mgonjwa wetu wa presha pale kliniki, alifungua pochi yake, akatoa Biblia ya jalada lenye zipu. Kwenye kile kimfuko cha ndani, ambako wengine huweka bahasha ya sadaka, akachomoa pakiti tatu za amlodipini, dawa ya kushusha presha. Mbili zilikuwa kamili. Ya tatu ilikuwa na matundu manne. Mwezi uliotangulia tulimpa vidonge 30, na sasa nilikuwa nimeshika 26.

Presha yake asubuhi ile ilisoma 198 kwa 112. Nikamwambia akae dakika tano, mgongo uegemee kiti, miguu iguse sakafu, asiongee. Nikamfunga tena mkanda: 194 kwa 110.

"Mama, dawa tulizisahau?"

"Hapana, mwanangu. Nilikuwa kwenye mfungo wa siku 21. Nikaona nikimeza dawa ni kama namwambia Mungu simwamini. Na mfungo ulipokwisha nilikuwa najisikia vizuri kabisa, nikajua nimepona."

Ni mwanakwaya. Hanywi pombe, hajawahi kuvuta sigara, anavaa kwa staha, na ndoa yake ina zaidi ya miaka 30. Kwa kila kipimo tunachotumia kanisani tunapohubiri juu ya kumtukuza Mungu kwa mwili, mama huyu angepita. Lakini mishipa yake ya damu ilikuwa inakaribia kupasuka. Ameniruhusu nimsimulie bila jina, na ninamsimulia kwa sababu siku ile ndiyo iliyonirudisha kwenye mstari ambao nilidhani naujua.

Mimi ni muuguzi. Miaka 18 sasa nipo kliniki ya presha na kisukari, na Jumapili ni mzee wa kanisa katika usharika wetu wa Kilutheri hapa Iringa. Kwa hiyo naandika kama mtu anayeiona miili ileile siku zote saba.

Mstari wenyewe ni 1 Wakorintho 6:19-20. "Au hamjui ya kuwa mwili wenu ni hekalu la Roho Mtakatifu?" Na mwisho wake: "Sasa basi, mtukuzeni Mungu katika miili yenu." Makanisani tumeugeuza kuwa fimbo ya vijana. Ukisikia unasomwa, ujue kinachofuata ni zinaa, pombe, sigara na urefu wa sketi. Sitaki kumlainisha Paulo: sura ile kweli inahusu zinaa, na anasema waziwazi, "Ikimbieni zinaa." Ila ukifuata hoja yake kuanzia mstari wa 12, utaona anachimba chini zaidi ya hapo, mpaka kwenye mzizi.

Korintho ulikuwa mji wa biashara, una bandari pande mbili, mojawapo ni ile Kenkrea inayotajwa katika Matendo ya Mitume. Warumi waliuteketeza mwaka 146 kabla ya Kristo, Julius Caesar akaufufua mwaka 44 kabla ya Kristo, na Paulo alipofika miaka karibu mia moja baadaye akakuta mji uliojaa watu, fedha na falsafa. Wakristo wa pale walikuwa na msemo wao, na Paulo anaunukuu: "Vyakula ni kwa tumbo, na tumbo ni kwa vyakula," halafu Mungu atavikomesha vyote viwili. Maana yake, mwili ni kitu cha kupita. Roho ndiyo inayookolewa, kwa hiyo unachoufanyia mwili hakina uzito mbele za Mungu. Ndiyo sababu walikwenda kwa makahaba na bado wakaimba zaburi.

Paulo anawajibu kwa ufufuo. Mungu alimfufua Bwana, naye atatufufua na sisi. Mwili huu alioutengeneza Mungu hana mpango wa kuutupa jalalani. "Mwili ni kwa Bwana, naye Bwana ni kwa mwili."

Hapo ndipo nilipomwelewa yule mama. Mkorintho aliyekwenda kwa kahaba na yule mama mcha Mungu mwenye vidonge 26 wametofautiana kama mbingu na ardhi katika mwenendo, lakini wazo moja limewapitia wote wawili: kwamba Mungu anashughulika na roho, na mwili ni jambo la pembeni. Mmoja akauachia ufanye utakavyo, mwingine akauacha bila dawa ili roho ionekane ina imani. Nimeona wazo hilo likipeleka watu wodini.

Kuna jambo dogo la lugha linalonigusa kila ninapolifundisha. Wagiriki walikuwa na maneno mawili ambayo Biblia yetu ya Kiswahili huyatafsiri yote "hekalu". Moja, hieron, lilikuwa eneo zima: kuta, nyua, matao, hata mahali pa wabadili fedha. La pili, naos, lilikuwa nyumba yenyewe ya ndani, pale panapoaminiwa kuwa Mungu yupo. Paulo anatumia naos. Hasemi mwili wako ni uwanja wa kanisa. Anasema ni madhabahuni kabisa. Na figo zimo humo, kongosho limo, kidole kidogo cha mguu kimo.

Anaendelea: ninyi si mali yenu wenyewe, mlinunuliwa kwa thamani. Neno hilo la kununuliwa watu wa Korintho walilijua kutoka sokoni, ambako binadamu waliuzwa. Huku kwetu naona mfano wa ng'ombe unafika vizuri zaidi. Mtu akikuachia ng'ombe wake umlishe, humwambii mwenyewe, "Nilimwombea sana, ila mganga wa mifugo sikumwita." Ng'ombe si wako. Ungekuwa na haki ya kumzembea kama angekuwa wako, na hata hapo sina hakika.

Swali ninaloulizwa mara nyingi ni hili: je, dawa haionyeshi upungufu wa imani? Nawapeleka kwa Hezekia. Katika 2 Wafalme 20 Mungu mwenyewe anamwahidi mfalme kuwa atamponya. Ahadi imeshatoka kinywani mwa nabii. Na bado Isaya anasema leteni mkate wa tini, wakauweka juu ya jipu, akapona. Tini haikuwa mshindani wa ahadi. Na Paulo, ambaye kwa mkono wake Mungu aliponya wengi, anamwandikia Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yanayompata mara kwa mara. Mara kwa mara! Kijana wa imani, mtoto wa kiroho wa mtume, ana ugonjwa usiokwisha, na mtume anamshauri cha kutumia, tena anasema kidogo. Hiyo ni dozi. (Na wala si ruhusa ya bia ya kila jioni, kwa wale waliokwisha kutabasamu.)

Naamini Mungu anaponya. Naomba na wagonjwa wangu wanaponiomba, na nimeona mambo ambayo kitaalamu sina maelezo yake. Lakini wale wakoma kumi wa Luka 17, Yesu aliwaambia, "Enendeni, mkajionyeshe kwa makuhani," na makuhani ndio waliokuwa na kazi ya kukagua ngozi na kutamka kuwa mtu ametakasika. Kwa hiyo ukiamini umepona, njoo tukupime. Kama Mungu amekuponya, mashine itaona. Usiache dawa kwanza ndipo uje, njoo kwanza.

Na hapa lazima nieleze presha inavyofanya kazi, maana udanganyifu wake ndio unaowaponza waumini. Presha haiumi. Mtu anaweza kutembea na 180 kwa miezi, anapika, anaimba sauti ya kwanza, kichwa hakimgongi. Wakati huohuo moyo unasukuma damu kwa nguvu kupita kiasi, misuli yake inanenepa, mishipa midogo ya figo na ya macho inachakaa taratibu, na mshipa wa ubongo unangoja siku yake. Dawa kama amlodipini inalegeza kuta za mishipa, lakini kazi yake inaisha ukiacha kumeza. Haijengi akiba. Kwa hiyo "najisikia vizuri" si ushuhuda wa kupona. Kipimo kikirudia kuwa 140 kwa 90 au zaidi, tunaita presha, ujisikie unavyojisikia.

Kuhusu mfungo, kwa sababu najua wengi mnasoma mkiwa na kisukari na Kwaresima huja kila mwaka. Kumeza kidonge kwa maji si kufungua. Mfungo ni kujinyima chakula mbele za Mungu, na hakuna aliyewahi kushiba kwa amlodipini. Lakini hatari kubwa zaidi iko upande wa pili: mtu anayetumia insulini au glibenklamidi (kidonge cha kushusha sukari) akatumia dawa vilevile, kisha asile. Dawa inaendelea kushusha sukari, na chakula hakiji. Anaanza kutoka jasho jembamba, mikono inatetemeka, anaongea maneno yasiyoshikana, na pale kanisani watu wanaweza kudhani amejazwa au amepagawa. Huyo anahitaji sukari haraka, vijiko viwili vitatu kwenye maji kama bado anaweza kumeza, na kama hawezi, apelekwe hospitali bila kungoja ibada iishe. Ukitaka kufunga, tuambie wiki mbili kabla. Wapo tunaowabadilishia dozi au saa za dawa. Wapo tunaowaambia wasifunge chakula kabisa, wafunge simu, wafunge umbea, na Mungu anajua. Mfungo mkavu, usio na hata maji, kwa mwenye figo zilizochoka sitaukubali hata anipigie magoti.

Chumvi nitaipitia haraka: Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, ukijumlisha iliyo kwenye mkate, dagaa wakavu na viungo vya pakiti. Ondoa kikopo cha chumvi mezani. Tembea jumla ya dakika 150 kwa wiki. Kwenda jumuiya kwa miguu badala ya bodaboda kunahesabika.

Usingizi ndio unaosahaulika. Tunasifu mikesha, nami nakesha. Ila someni 1 Wafalme 19. Eliya amechoka mpaka anaomba kufa, analala chini ya mti wa mretemu. Malaika hamhubirii. Anamgusa, anampa mkate uliookwa kwenye makaa na gudulia la maji, anamwacha alale tena, anamwamsha tena: "Inuka, ule, maana safari hii ni kubwa mno kwako." Mlo, usingizi, mlo. Sauti ya utulivu ya Mungu ilikuja baada ya hapo. Nawaambia hivi hasa wake wa wachungaji, ambao wengi wao naona presha inawapanda kwa kulala muda wa saa nne tu na kulisha wageni wa usharika mzima.

Jambo moja linaniumiza, nalo sitaki lipotoshwe na haya niliyoandika. Hekalu si zawadi ya wenye afya. Mtu mnene si hekalu lililobomoka, na aliyekatwa mguu hajapungukiwa na Roho. Paulo aliwaandikia maneno yale watumwa wenye makovu, wazee, wajawazito. Nimemwona binti akimwogesha baba yake aliyepooza upande mmoja, anampaka mafuta kwenye mabega, anamwinua kwa hesabu ya moja, mbili, tatu ili asimchubue mgongo. Sijaona ibada iliyo safi kuliko ile, na miili iliyomtukuza Mungu mle chumbani ilikuwa miwili.

Nimalizie na miguu. Kule Korintho wachimbuaji wa mambo ya kale walifukua, kwenye hekalu la Asklepio, mungu wao wa tiba, viungo vingi vya udongo wa kuchoma: mikono, masikio, matiti, miguu mizima mpaka goti. Karne kadhaa kabla ya Paulo, wagonjwa walivipeleka pale kumshukuru Asklepio kwa kiungo kilichopona. Kwa watu wa mji wenye kumbukumbu hiyo Paulo aliandika, "Hamjui ya kuwa miili yenu ni viungo vya Kristo?"

Mwaka juzi alikuja mchungaji mstaafu, kisukari miaka 14. Nikamwomba avue viatu. Akakataa kwa adabu zote. "Hapana, binti yangu, wewe ni mzee wa kanisa, huwezi kushika miguu yangu." Nikamkumbusha ni mwanafunzi gani aliyesema, "Wewe hutanitawadha miguu kamwe." Akacheka, akavua.

Ndani ya kiatu cha kulia mlikuwa na kokoto, kubwa kama punje ya hindi. Alikuwa ametembea nayo tangu asubuhi, na huenda tangu jana yake. Chini ya kidole gumba palikuwa na kidonda chenye kingo nyeupe, na hakukijua, maana kisukari kilikuwa kimeua hisia za miguu. Nilimgusa nyayo kwa ule uzi wa nailoni tunaopimia hisia, mahali kumi, macho akiwa amefumba. Alisema "ndiyo" mara mbili.

Kidonda kilipona baada ya wiki tisa. Siku hizi kila jioni, baada ya sala ya nyumbani, mke wake anaweka taa chini, na mchungaji anakagua nyayo kwa kioo kidogo cha kunyolea, kisha katikati ya kila kidole. Halafu anavigeuza viatu vyote viwili, anavikung'uta, na kuingiza mkono mpaka mwisho.