Wastoiko na watu wasio na muda

Nafundisha falsafa hapa Moshi, na watu wazima wakishajua hivyo hawaniulizi Wastoiko, wale wanafalsafa wa kale wa Ugiriki na Roma, walisema nini, wanauliza mwalimu, muda wa kusoma hayo unautoa wapi? Sasa hapo ndo shida, tunadhani ni kitu cha kukaa chini masaa mawili na kitabu, wakati wenyewe walikuwa wanachomeka mazoezi ndani ya shughuli zao za kila siku.

Mchukue Epictetus, yule aliyezaliwa mtumwa huko Hierapolis, Uturuki ya leo. Anasema ukitaka kwenda bafu la umma, kabla hujatoka jikumbushe yanayotokea huko, wanaorusha maji, wanaosukumana, wanaotukana, wanaoiba, halafu jiambie nataka kuoga na pia nataka akili yangu ibaki timamu. Me nafanya hivyo kabla ya kupanda hiace ya Pasua asubuhi, najua konda atasema sogea nyuma wakati nyuma hamna nafasi, chenji itakuwa ishu, na kuna mtu ataongea na simu kama anaita ng'ombe. Inachukua sekunde chache tu. Hasira haiishi yote lakini haikukuti umelala.

Wengi wanaanza na Marcus Aurelius, yule mfalme wa Roma, kwa sababu ya zile nukuu za kwenye status. Sio mbaya ila yule alikuwa anajiandikia mwenyewe, haelezi kitu, mi ningesema anza na kile kijitabu cha Epictetus kinachoitwa Enchiridion, ni kifupi.

Usiku ni zamu ya Seneca, Mstoiko mwingine wa Roma. Kwenye maandishi yake kuhusu hasira anasema taa ikishaondolewa na mke wake akinyamaza, maana alishaijua hiyo tabia yake, anajisomea mashtaka ya siku nzima, mfano yule umemsema kwa ukali mno, hukumrekebisha, umemuudhi tu. Wakatoliki watasema si kuchunguza dhamiri huko? Inafanana kweli, ila hapa mshtakiwa na hakimu ni mtu mmoja, na hukumu yake ni usirudie tena, kwa leo nimekusamehe. Hicho kipande cha msamaha watu wanakiruka kabisa, wanabaki kujichapa mpaka wanakosa usingizi, afu wanasema Ustoiko ni mgumu.

Daftari sio lazima. Simu tu ndo iwe mbali, maana ukiishika kuseti alamu utajikuta kwenye grupu la harusi unabishania michango na kesi imeahirishwa.