Klasi Dhahania au Kiolesura: Ushauri kwa Wanaotengeneza Mifumo ya Vyama vya Msingi

Hapa Tabora, chama cha msingi kikitaka mfumo wa kompyuta wa mauzo, mara nyingi kazi humwangukia kijana aliyemaliza chuo juzi. Lugha ya programu ya Java anaijua, na tofauti za klasi dhahania (klasi, yaani kiolezo cha kuundia vitu, iliyoachwa bila kukamilika ili nyingine ziirithi) na kiolesura (ahadi ya kazi ambazo klasi itazifanya) alizijibu vizuri kwenye mtihani. Ila akikabidhiwa kazi yenyewe, huchagua kwa kubahatisha. Kitengo chetu cha TEHAMA humshauri aanze na swali hili: vitu hivi ni ndugu, au ni watu baki wanaofanya kazi moja?

Tuanze na ndugu. Tumbaku huuzwa kwa marobota; mteuzi hutoa daraja, na bei ya kilo hufuata daraja hilo. Asali ina hesabu yake. Hata hivyo kila mauzo, liwe zao gani, yana namba ya mwanachama, tarehe, uzito na makato ya deni la pembejeo. Hiyo ni data inayohifadhiwa na hesabu inayojirudia, kwa hiyo mahali pake ni klasi dhahania. Tuiite Mauzo. Methodi, yaani kipande cha msimbo kinachofanya kazi fulani, ya kukata deni inaandikwa humo mara moja, ikiwa kamili. Methodi ya kukokotoa thamani inaachwa bila mwili, ikiwa na neno abstract mbele yake, maana kila zao lina namna yake. MauzoYaTumbaku na MauzoYaAsali zinarithi kwa neno extends, na kila moja inalazimika kulijaza pengo hilo.

Ukijaribu kuandika new Mauzo(), yaani kuunda Mauzo yenyewe, kompaila (programu inayotafsiri msimbo) inakataa. Ina haki kukataa: mkulima huleta tumbaku au asali, haleti "mauzo" yasiyo na zao. Na chama kikibadili utaratibu wa makato msimu mpya ukianza, unagusa faili moja tu. Kwa mkulima anayesubiri fedha zake hili ni jambo kubwa, kwa sababu makato yaliyonakiliwa sehemu tano husahihishwa sehemu nne, na ya tano humlia fedha.

Malipo ni habari nyingine. Mmoja hulipwa benki, mwingine kwenye simu, mwingine taslimu. Klasi ya benki inashika namba ya akaunti, ya simu inashika namba ya simu, ya taslimu haina haja na yoyote kati ya hizo. Hawana damu moja. Kinachowakutanisha ni ahadi: ukiniambia lipa, nitalipa. Hapo andika kiolesura, NjiaYaMalipo, chenye methodi ya kulipa. Mfumo uliobaki utaijua ahadi hiyo tu. Kesho ukija mtandao mwingine wa kutuma fedha, unaongeza klasi mpya na msimbo wa zamani unauacha ulivyo.

Tatizo tunalokutana nalo zaidi ni la uchapishaji. Kijana anaweka methodi ya kuchapisha ndani ya Mauzo, kisha anagundua kwamba kadi ya mwanachama nayo inachapishwa. Anaifanya klasi Mwanachama irithi Mauzo! Programu inaendeshwa, lakini sasa mwanachama ana uzito na makato ya mauzo. Java humruhusu mtoto kuwa na mzazi mmoja tu, hivyo nafasi hiyo usiichezee. Violesura havina kikomo hicho: MauzoYaTumbaku inaweza kumrithi Mauzo na papo hapo ikatekeleza, kwa neno implements, Kinachochapishika na Kinachokaguliwa.

Kuna wanaosema tofauti hizi zilikufa na Java 8 ya mwaka 2014, ilipoviruhusu violesura kubeba methodi zenye mwili kwa neno default. Si kweli. Ruhusa hiyo ilikuja kwa sababu ukiongeza methodi tupu kwenye kiolesura, kila klasi inayokitekeleza itakataliwa na kompaila hadi iiandike. Waliotaka kuongeza methodi ya stream kwenye Collection, kiolesura cha Java cha mikusanyiko ya vitu, wangevunja programu za dunia nzima. Lakini hadi leo kiolesura hakina konstrakta (sehemu inayoandaa kitu kinapoundwa), na kigeu, yaani nafasi ya kuhifadhi data, chochote utakachokiweka humo huwa cha kudumu, kisichobadilika. Deni la mwanachama hubadilika kila anapouza. Halikai humo.

Ukibaki na shaka, anza na kiolesura. Klasi mbili zikianza kurudia data ileile, weka klasi dhahania katikati, itekeleze kiolesura hicho na kubeba yale ya pamoja. Maktaba ya Java yenyewe imejengwa hivyo: List ni kiolesura, na AbstractList ni klasi dhahania inayokitekeleza. Anayetaka orodha yake ya kusomwa tu hulazimika kuandika methodi mbili, get na size. Nyingine zote anazikuta tayari.