Jina moja la ukoo, je, ni ndugu?

Wengi huamini kwamba mwigizaji na mwanamichezo wenye jina moja la ukoo lazima ni ndugu. Wapo ambao ni ndugu kweli, ila jina peke yake halithibitishi. Nchini India, Singh ni jina la waigizaji, wakimbiaji na wacheza kriketi wasio na nasaba moja. Tangu 1699, wanaume wa Singasinga (wafuasi wa dini ya Usikh) wanaoingia Khalsa, jumuiya ya waumini waliowekwa wakfu, hulichukua jina hilo, na wanawake huitwa Kaur, kwa nia njema ya kufuta alama za tabaka. Wahindu wengi nao hulitumia. Korea Kusini, takriban mtu mmoja kati ya watano ni Kim.

Ukitaka uhakika, tafuta majina ya wazazi na mahali pa kuzaliwa katika vyanzo viwili vinavyojitegemea. Kufanana sura hakutoshi, na waigizaji wengine hutumia majina ya kisanii.