Je, wajua kwa nini rais wa Marekani anaweza kuwa "impeached" na bado akaendelea kutawala?

Andrew Johnson mwaka 1868, Bill Clinton mwaka 1998 na Donald Trump mara mbili, mwaka 2019 na 2021, wote walifikiwa na kitenzi hiki cha Kiingereza, na hakuna hata mmoja wao aliyeondolewa madarakani kwa njia hiyo. Richard Nixon, ambaye wengi humtaja wa kwanza jambo hili linapozungumzwa, hakuwahi kuwa "impeached", kwani alijiuzulu mwaka 1974 kabla Baraza la Wawakilishi halijapiga kura.

Jibu ni kwamba "impeach" maana yake ni kushtaki, wala si kuhukumu. Asili yake ni kitenzi cha Kilatini kilichomaanisha kumtia mtu pingu za miguu, kikapitia katika Kifaransa cha kale kikiwa na maana ya kuzuia, kisha huko Uingereza kikawa istilahi ya sheria. Mwaka 1376 baraza la chini la Bunge la Uingereza lilimshtaki William Latimer, mtumishi mkubwa wa mfalme, mbele ya malodi wa baraza la juu, na tangu hapo kazi mbili zikatengana: baraza moja linashtaki, jingine linaamua. Warren Hastings, aliyekuwa gavana mkuu wa Uingereza nchini India, alishtakiwa hivyo, kesi yake ikaanza mwaka 1788 na kudumu hadi mwaka 1795, alipoachiwa huru.

Waandishi wa katiba ya Marekani waliuchukua utaratibu huo. Wingi wa kawaida wa kura katika Baraza la Wawakilishi unatosha kumshtaki rais, lakini ili aondoke, theluthi mbili ya maseneta waliohudhuria lazima wamtie hatiani. Johnson aliponea hapo, kwa kuwa kura 35 zilimkataa na 19 zikamtetea, ikapungua moja tu kufikia theluthi mbili. Kwa hiyo anayesema Clinton alikuwa "impeached" anasema kweli kabisa, na anayesema Clinton alifukuzwa anakosea.

Maana hiyo ya kushtaki inaonekana pia mahakamani, ambako wakili anaweza "kum-impeach" shahidi, yaani kuonyesha kwamba maneno yake hayaaminiki, ingawa shahidi huyo hana cheo chochote cha kuvuliwa.

Afrika Mashariki ndiko kwenye utata zaidi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 145, inazungumzia kuondolewa kwa Rais kwa njia ya "impeachment", na hivyo jina la mashtaka limeunganishwa na matokeo yake. Hata hivyo hatua bado ni mbili. Tarehe 8 Oktoba 2024 Bunge la Taifa lilipiga kura dhidi ya Naibu Rais Rigathi Gachagua, lakini aliendelea kuwa Naibu Rais hadi tarehe 17, Seneti ilipothibitisha mashtaka matano kati ya 11. Katiba ya Tanzania, kwa maoni yangu, imekuwa makini zaidi katika Kiswahili chake, kwa sababu ibara ya 46A inatumia neno kumshtaki Rais. Anayetafsiri habari za Washington angefanya vyema kufuata mfano huo, na neno "kumng'oa" aliweke akiba hadi Seneti itakapokuwa imeamua.