Biashara endelevu: yanayodhaniwa na yalivyo

Dhana iliyoenea zaidi, Unguja na Pemba kama kwengineko, ni kwamba biashara endelevu ni ile isiyoharibu mazingira, basi. Tume ya Umoja wa Mataifa ya mazingira na maendeleo, iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland, katika ripoti yake ya mwaka 1987, haikuishia hapo: ilizungumzia kukidhi mahitaji ya waliopo bila ya kuwanyima wajao uwezo wa kukidhi yao, na ikatanguliza mahitaji ya maskini.

Kilimo cha mwani kinaidhihirisha tofauti hiyo. Hakihitaji mbolea wala maji matamu, na kwa kipimo cha mazingira pekee kingepita bila ya maswali mengi. Lakini wakulima wake, ambao wengi ni wanawake, hawana sauti kubwa katika kupanga bei ya mwani mkavu wanaouza. Aina ya cottonii, yenye bei nzuri kuliko aina nyengine iitwayo spinosum, imekuwa ikifa katika maji madogo yanayozidi kupata joto, na kuihamishia kwenye kina kirefu kunataka chombo na kujua kuogelea, ambavyo wengi wao hawana. Mnunuzi akiandika kwamba bidhaa yake ni endelevu hatakuwa amesema uongo. Atakuwa amechagua maana moja, tena ile isiyomgharimu.

Wengine huamini kwamba biashara iliyodumu kwa faida ni endelevu kwa sababu hiyo tu. Ni maana halali, na mkaguzi wa hesabu hana budi kuipima. Hata hivyo, hoteli ya ufukweni inaweza kujaza vyumba kila msimu huku ikivuta maji ya ardhini mpaka visima vya jirani vikaingia chumvi, na vitabu vyake visioneshe kasoro yoyote.

Ipo na dhana ya kisomi, kwamba kuorodhesha faida, watu na mazingira katika taarifa ya mwaka ni kuvisawazisha. John Elkington, mwandishi na mshauri wa biashara wa Uingereza aliyebuni mtazamo huo mwaka 1994, mwenyewe alitaka ufikiriwe upya mwaka 2018, akisema haukukusudiwa kuwa mfumo wa hesabu tu.

Kwamba uendelevu hula kipato ni kweli nusu. Vijiji vinavyofunga mwamba, yaani kuzuia uvuvi wa pweza hapo, kwa miezi kadhaa hupata pweza wakubwa zaidi siku ya kufungua. Ila pasipokubaliwa mapema nani avue wapi, wanaochokoa pweza kwa miguu huambulia kidogo kuliko wenye vyombo.