GPS haili bando, ramani ndiyo inayokula

Swali la kama GPS inahitaji intaneti limerudi tena, na safari hii limekuja na hitimisho lake: "Kwa kuwa huko niendako sitakuwa na intaneti, GPS haitafanya kazi, basi nanunua ramani ya karatasi." Ramani nunua, ni uamuzi mzuri. Ila sababu si ya kweli, na imani hiyo hiyo ndiyo inayowafanya wengine walipie intaneti ya ugenini kwa bei ya kuumiza ili tu wakione kile kidoti cha bluu.

Kifaa cha GPS kinapokea tu. Setilaiti ziko karibu kilomita 20,200 juu, zinatangaza saa na mahali zilipo; simu inasikiliza, ikizipata nne inapiga hesabu. Haitumi chochote wala haihitaji laini. Kinachokula bando ni ile picha ya ramani inayotandazwa chini ya kidoti. Hivyo ni vitu viwili, na kila kimoja kina maandalizi yake.

Najua kwa nini imani hii haifi: watu wameiona kwa macho. Mtu anashuka uwanja wa ndege wa mbali, simu ilikuwa imezimwa njia nzima, anafungua programu na hakuna kitu. Anaweka bando, kidoti kinatokea. Ushahidi umepatikana! Lakini GPS haikupewa na intaneti mahali alipo. Kilicholetwa na intaneti ni ratiba ya setilaiti, ili simu ijue zipi za kutafuta na ziko wapi. Bila intaneti, simu inalazimika kuisikiliza ratiba hiyo kutoka angani kwa kasi ya biti 50 kwa sekunde. Taarifa za mzunguko wa setilaiti moja hurudiwa kila sekunde 30. Ukipita chini ya paa katikati ya matangazo, kipande kinakosekana na simu inangoja zamu nyingine. Almanaka, yaani ratiba ya jumla ya setilaiti zote, huchukua dakika 12 na nusu. Kwa hiyo toka nje, simama mahali penye anga wazi, tulia dakika kadhaa, usizungukezunguke. Ndani ya jengo utasubiri hadi betri iishe.

Ramani nayo ipakue kabla ya safari, eneo zima pamoja na barabara za kulifikia. Kisha ijaribu: weka simu kwenye hali ya ndegeni, washa huduma ya mahali, funga programu na uifungue upya, tafuta anwani moja, omba njia ya kwa miguu. Wengi hukwama hapo hapo, kwa sababu Google Maps bila intaneti hutoa maelekezo ya gari tu. Programu za OsmAnd na Organic Maps hutoa na ya miguu.

Sasa karatasi, na hapa ndipo ninapokosa subira. Ramani ya karatasi inafanya kazi vizuri sana pamoja na GPS, mradi ujue kuhamisha namba za mahali (latitudo na longitudo) kutoka simu kwenda karatasini. Hapa dakika si ya saa: ni sehemu ya 60 ya nyuzi, na sekunde ni sehemu ya 60 ya dakika. Nyuzi 6, dakika 30, sekunde 30 ni sawa na nyuzi 6 na dakika 30.5, ni sawa na nyuzi 6.50833. Ukizichukua zile namba za kwanza ukaandika 6.3030, umekosea kwa karibu kilomita 23. Ukizisoma kama dakika 30.30, umekosea kwa mita 370 hivi, na hilo ni baya zaidi kwa sababu halionekani. Chagua muundo mmoja, uweke kwenye simu kabla ya kuondoka, uuandike juu ya ramani kwa kalamu.

Halafu datumu, yaani kipimo cha dunia ambacho namba za ramani zimejengwa juu yake. Soma pambizo ya ramani. Simu hutumia datumu iitwayo WGS84. Ramani nyingi za zamani hazitumii. Ramani ya Japani ya kabla ya 2002 iliyochorwa kwa datumu ya Tokyo inatofautiana na simu kwa zaidi ya mita 400 pale Tokyo. China ina mfumo wake wa GCJ-02, unaosogeza nukta kwa mamia ya mita. Watu hudhani kifaa kimeharibika. Kizima kabisa, kinasoma dunia iliyopimwa kwa namna nyingine.

Skeli niseme kwa kifupi. Kwenye 1:50,000, sentimita 2 ni kilomita moja, kwa hiyo ndani ya mraba wa gridi milimita 2 ni mita 100, na rula ya kawaida inatosha. Kwenye 1:1,000,000, barabara iliyochorwa kwa unene wa milimita moja imefunika kilomita nzima. Ramani hiyo ni ya kupanga siku, si ya kutafuta kona.

Kuna jambo moja ambalo vitabu hulipitia juu juu: lile duara linalozunguka kidoti. Kwenye Android maana yake ni uwezekano wa asilimia 68 kwamba uko ndani yake. Yaani mara moja katika kila tatu uko nje ya duara. Kati ya majengo marefu, mawimbi hugonga kuta kwanza, na duara linaweza kuwa dogo huku kidoti kiko mtaa wa pili. Kwa hilo sina kanuni ya kukupa. Ninachoshauri ni kwenda hadi makutano ya njia, kusoma kibao, na kulinganisha na karatasi. Na simu na karatasi zikipingana nje ya mji, anza na mto, mwinuko na reli. Angalia mwaka ramani ilipochapishwa, kisha ndipo uamue kama barabara usiyoiona karatasini imejengwa baadaye au umesimama pengine.